Kile au Yule? Hadhira ya Kilungu Mbele ya Farasi wa Fito

Wahenga walinena kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hii tumeitumia kwa muda mrefu, hasa tunapowazungumzia viongozi tuliowachagua kwa kura zetu wenyewe. Hata hivyo, mambo yaliyotokea katika ulimwengu wa sanaa za maonyesho mwaka 2025 yanatulazimu tuitazame upya. Mwezi Aprili mwaka huo, kundi la wanyama wa kadibodi na mbao nyembamba, wenye ukubwa sawa na wanyama halisi, lilianza safari yake katika jiji la Kinshasa. Msafara huo uliojulikana kama The Herds, yaani Makundi ya Wanyama, ulipitia Lagos, Dakar, Marrakesh na Casablanca, ukavuka bahari hadi Ulaya, ukaonekana katika mitaa ya London na Manchester, na hatimaye ukamalizikia Norway. Vikaragosi vya awali vilibuniwa na kikundi cha Ukwanda cha Cape Town, Afrika Kusini. Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza: wanyama wanaikimbia nchi iliyochomwa na joto, nao wanaelekea kaskazini wakitafuta ubaridi.

Jambo lililonivutia zaidi katika picha za msafara huo si wanyama bali ni watu waliosimama kando ya barabara. Kila mmoja wao aliwaona binadamu waliokuwa ndani na ubavuni mwa wanyama wale, wakiwashika vichwa na kuwasukuma miguu. Hapana aliyedanganywa. Walakini swala wa kadibodi alipogeuza kichwa, watu walirudi nyuma na kumpisha. Ikiwa kinyago hakimtishi aliyekichonga, wala hakipaswi kumtisha anayemwona mchongaji akiwa bado kazini, basi watu hawa walikuwa wakimpisha nani?

Msafara huo haukupitia Afrika Mashariki. Hata hivyo, mwezi Agosti mwaka huo nilikuwa nyumbani katika milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni, na wazazi wa pale kijijini wakaniomba nizungumze na wanafunzi waliokuwa likizoni. Badala ya kuwahutubia kuhusu umuhimu wa elimu, jambo ambalo wamelisikia mara nyingi kupita kiasi, niliazima projekta, tukatundika shuka nyeupe katika ukumbi mdogo wa kanisa, nikawaonyesha mambo mawili. La kwanza lilikuwa picha za wanyama wa Kinshasa. La pili lilikuwa sehemu chache za mchezo uitwao War Horse, yaani Farasi wa Vita. Walifika watu wapatao arobaini: watoto wa shule za msingi na sekondari, walimu watatu au wanne, na wazee kadhaa waliokuja, nadhani, kwa sababu baridi ya Agosti katika milima ile ni kali na ukumbini mlikuwa na chai.

Kwa wasioufahamu, War Horse ulitolewa katika riwaya ya Michael Morpurgo iliyochapishwa mwaka 1982, na ukaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza la London mwaka 2007. Kisa chake ni cha farasi aitwaye Joey, anayechukuliwa kutoka shambani nchini Uingereza na kupelekwa Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mchezo huo umezunguka nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwamo mwaka 2014, na umetazamwa na watu zaidi ya milioni nane. Farasi wake si farasi. Ni vikaragosi vilivyotengenezwa na kampuni ya Handspring ya Cape Town, iliyoanzishwa mwaka 1981. Mifupa yao ni fito za henzirani zilizokunjwa, na ngozi yao ni kitambaa chepesi kinachopenyeza mwanga. Kila farasi mkubwa huchezeshwa na watu watatu: mmoja hushika kichwa, wa pili hukaa kifuani na wa tatu hukaa nyuma. Hadhira huwaona wote watatu tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa nirudi ukumbini. Farasi alipoonekana mara ya kwanza, watoto waliangua kicheko. Milimani kwetu hakuna farasi, kwa hivyo walimwita punda. "Ona kile kitu!" alisema mmoja. "Kina miguu ya watu!" Wakaanza kuhesabu miguu: minne ya fito na sita ya binadamu. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye ni jamaa yangu na ambaye ninamheshimu sana, aliona haya kwa ajili ya kelele ile mbele ya mgeni, ingawa mgeni mwenyewe alizaliwa kilima cha pili. Akasimama na kusema, "Nyamazeni! Hizo ni fito na vitambaa tu."

Walinyamaza, lakini sidhani kwamba walinyamaza kwa sababu ya amri. Farasi alikuwa ameanza kupumua. Kifua chake kilipanda na kushuka polepole, masikio yakageuka kuelekea upande uliotoka sauti, na pua ikatoa mlio mdogo. Baada ya dakika chache niliacha kusikia "kile". Nilisikia "punda ile inaogopa", kisha "punda ile imechoka". Baadaye ikafika sehemu ambapo Topthorn, farasi mweusi ambaye ni mwenzake Joey, anaanguka na kufa kwa uchovu wa kuvuta mzinga. Mvulana wa miaka tisa hivi akapaza sauti, "Mwalimu, punda imekufa!"

Mwalimu wetu, kwa mazoea ya miaka mingi darasani, hakusita hata kidogo. "Amekufa," akasema. "Si imekufa. Mnyama ana uhai. Sema punda amekufa."

Msichana aliyeketi mbele akageuka, akauliza kwa adabu, "Lakini Mwalimu, si umesema ni fito na vitambaa?"

Ukumbi mzima ulicheka, na mwalimu mwenyewe akacheka kuliko wote. Mimi nilicheka pia, lakini usiku ule sikupata usingizi mapema, kwani nilitambua kwamba msichana yule alikuwa ameuliza swali ambalo sisi wa taaluma ya isimu tunalizungukazunguka.

Hebu tulitazame kwa utulivu. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba nomino zinazotaja viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA hata umbo lake likiwa la ngeli nyingine. Twasema kifaru amelala, wala si kifaru kimelala, ila tunapozungumzia kifaru cha chuma cha jeshini. Twasema kiboko ametoka mtoni, lakini kiboko cha mwalimu kimevunjika. Umbo la neno ni lile lile. Kinachobadilika ni jinsi msemaji anavyokichukulia kitu anachokitaja. Kwa hiyo, kiambishi hiki kidogo cha kitenzi kimebeba hukumu. Kila tunaposema "a-" au "ki-" tunaamua, bila kufikiri, kama kilicho mbele yetu ni kiumbe au ni kitu. Hata mauti hayaiondoi hukumu hiyo mara moja. Ng'ombe aliyekufa jana bado ni "aliyekufa". Ni mpaka akatwe vipande ndipo awe nyama "iliyopikwa".

Kuhusu vikaragosi, lugha yenyewe haina msimamo mmoja. Kikaragosi "kimevunjika", lakini mwanasesere, kwa kuwa ndani ya jina lake mna neno mwana, aghalabu "amevunjika". Vitu viwili vinavyokaribiana sana, kimoja tumekiweka miongoni mwa vitu na kingine tumekikaribisha miongoni mwa watu.

Yafaa hapa niseme jambo moja kwa uaminifu, kwa maana mwanaisimu akiupenda mno ushahidi wake huishia kuupotosha. Katika Kikamba, mnyama haandamani na upatanisho wa watu. Ng'ombe na mbuzi hubaki katika ngeli yao, pamoja na vitu visivyo na uhai vilivyomo humo. Ndiyo maana watoto wetu, na watu wengi wa bara nchini Kenya, husema "ng'ombe imepotea" na "mbwa inabweka", nasi walimu tunaitia wino mwekundu kila siku. Kwa hivyo mtoto wa Kilungu anaposema "punda imekufa", hatuwezi kudai kwamba anamwona punda kama kitu. Hivyo ndivyo angesema kuhusu punda wao aliyefia nyuma ya nyumba, nyumba nzima ikalia. Hata hivyo, hatua ya kwanza ilikuwa dhahiri: walianza na "kile kitu", wakahamia "punda ile". Kitu kilipata jina la mnyama, na jina lilipokuja, "ki-" ikatoweka bila mtu kuifukuza. Na ushahidi ulio bora kuliko wote si wa watoto bali ni wa mwalimu. Yeye ni msemaji wa Kiswahili sanifu asiyekosea ngeli. Akili yake ilikuwa imetangaza kwamba zile ni fito, lakini sarufi yake ilipoulizwa ghafla, ikajibu kwamba ni kiumbe na kwamba kiumbe huyo amekufa.

Jambo hili linatokeaje? Samuel Taylor Coleridge, mshairi wa Kiingereza, aliandika mwaka 1817 kwamba msomaji huahirisha kutoamini kwake kwa hiari. Bertolt Brecht, mwandishi wa Kijerumani wa karne ya 20, alitaka hadhira ione taa, nyuzi na mitambo ili isizame katika hisia, bali ikae macho na kuhukumu. Kwa maoni ya Brecht, kuonyesha ufundi wa jukwaa kungezuia machozi. Farasi wa fito anatuonyesha kwamba yote mawili yaweza kutokea pamoja. Wajapani walilijua hilo zamani: katika sanaa yao ya bunraku, tangu karne ya 18, kikaragosi kimoja huchezeshwa na watu watatu walio mbele ya macho ya watazamaji, na watazamaji hulia. Siri, kwa kadiri nionavyo, ni pumzi. Sisi Wakamba tuna mafundi hodari wa kuchonga, tangu Mutisya Munge wa Wamunyu alipojifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa vita vile vile vya kwanza. Mafundi wetu huchonga twiga wanaompita mtu kwa urefu, na hakuna mtoto anayewapisha njiani. Twiga wa mti ni mzuri kuliko farasi wa fito, lakini hapumui. Kinachopumua tunakidai kitupatie dalili ya nia: kinaogopa nini, kinataka kwenda wapi? Tukishaanza kuuliza hivyo, tayari tumekipa uhai, nao unatoka kwetu.

Nchini Kenya vikaragosi si vigeni. Katika miaka ya 1990 kikundi cha CHAPS kilivitumia kuwaelimisha watu kuhusu UKIMWI, kwani kikaragosi kiliweza kutamka hadharani maneno ambayo mtu mzima angeona haya kuyatamka. Tangu mwaka 2009, kipindi cha XYZ Show cha mchoraji Gado kikavitumia kuwakejeli wakuu wa nchi. Lakini vikaragosi hivyo vilikuwa vikisema, tena vilikuwa vikisema mambo ya binadamu. Ndivyo walivyo pia wanyama wa ngano zetu. Fisi ni mlafi, Sungura ni mjanja, na kila mtoto anajua kwamba anaambiwa habari za jirani yake. Joey na Topthorn hawasemi neno lolote. Farasi yule anasimama badala ya farasi. Nadhani ndiyo sababu ukumbi ulinyamaza: watoto waliozoea mnyama anayefundisha walikutana na mnyama anayeumia tu.

Isidhaniwe kwamba kila hadhira huumia kwa namna moja. Tulipomaliza, mzee mmoja aliomba nafasi ya kusema. Babu yake alichukuliwa katika vita vile vile, akawa mpagazi wa Kariakoo, lile jeshi la wabeba mizigo ambalo jina lake limebaki katika mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam. Katika vita vya Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1914 na 1918, mbung'o waliwaua farasi na punda kwa wingi mno hata mizigo ikawekwa vichwani mwa watu. Wakamba walichukuliwa kwa wingi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. "Farasi huyu," alisema mzee, "amepata watu watatu wa kumbeba. Babu yangu alibeba mzigo wa farasi, na hajapata mtu wa kumbeba." Kisha akaketi.

Wapo watakaosema kwamba mzee alitoka nje ya mada. Mimi naona kwamba yeye ndiye aliyeutazama mchezo kwa makini kuliko sote. Aliwaona watu watatu ambao watoto walikuwa wameshawasahau, akauliza ni nani hubebwa na nani husahauliwa. Tena sikiliza sarufi yake: alisema "farasi huyu". Alimpa farasi wa fito heshima yote ya kiumbe, kisha akadai heshima hiyo hiyo kwa babu yake. Hadhira ya London inayomlilia Joey haikosei, lakini mchezo ule ule, ukiwekwa mbele ya shuka la Kilungu, ulimzaa mhusika ambaye hakuandikwa na mtunzi yeyote.

Hapa ndipo ninapotaka kuwageukia walimu wenzangu. Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya njia tatu walizofunguliwa ni ile ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambayo ndani yake mna uigizaji na filamu. Tamasha zetu za maigizo shuleni zimekuwapo tangu mwaka 1959. Hatuna upungufu wa watoto wanaojua kupanda jukwaani. Lakini ni nani aliyewafundisha kuketi mbele ya jukwaa? Darasani, tamthilia tumeifanya kuwa ghala la dondoo: nani alisema, alimwambia nani, wapi, na kwa nini. Kisha tunauliza funzo ni lipi. Funzo la farasi anayekufa kwa uchovu ni lipi? Mtoto atajibu kwamba tusiwachoshe wanyama, apewe alama zake mbili, na yote aliyoyapitia ukumbini yapotee.

Nao ukimya tunaouamrisha una hasara yake. Sikatai kwamba kuna kelele za utovu wa adabu zinazowanyima wengine nafasi ya kusikia, na mwalimu ana haki ya kuzikomesha. Yamkini hata kile kicheko cha kwanza kilikuwa na woga ndani yake, kama watu wanavyocheka gizani. Lakini kicheko, mguno na lile "imekufa" la ghafla ni majibu. Ni majibu ambayo hayajapitia mikononi mwa vitabu vya mwongozo. Katika ngano, fanani alidai kuitikiwa. Asipoitikiwa, alijua hadhira imelala. Tumewatoa watoto katika desturi ile, tukawaketisha kimya katika safu, kisha tunalalamika kwamba hawana maoni.

Ninapendekeza jambo dogo lisilohitaji bajeti ya wizara. Shule yoyote katika milima ya Kilungu yaweza kumtengeneza punda kwa fito, magunia na magazeti makuukuu. Watatu wamchezeshe, wasiseme neno, wajifunze kwanza kupumua pamoja, jambo ambalo litawachukua wiki nzima. Wenzao watazame, na mwalimu akae nyuma na daftari. Asiandike makosa ya upatanisho. Aandike tu walimtaja punda yule kwa kiambishi gani mwanzoni, na kwa kiambishi gani mwishoni, na ni kitendo gani cha jukwaani kilicholeta badiliko. Kesho yake awaulize wao wenyewe kwa nini walibadilisha. Hapo atakuwa amefundisha sarufi, uigizaji na fasihi katika somo moja, na ile kanuni ya A-WA haitakuwa tena amri ya wino mwekundu, bali swali ambalo mtoto amewahi kulijibu kwa moyo wake: ni nini nitakachokihesabu kuwa kina uhai?

Swali hilo si la darasani peke yake. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2022, Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Tarakimu hiyo tuliisoma magazetini, tukageuza ukurasa. "Mifugo imekufa," tulisema, na mara hii hatukuwa na kisingizio cha Kikamba.

Tulipokuwa tukilikunja shuka usiku ule, msichana yule wa mbele alinifuata mlangoni. Mchezo wenyewe unaonyesha kwamba Topthorn akishakufa, wachezeshaji wake huchomoka polepole kutoka ndani yake na kuondoka, na kinachobaki jukwaani huwa ni fito na vitambaa kweli kweli. Alikuwa ameliona hilo vizuri, na kwa haki yote angeweza kurudi kwenye "kile". "Mwalimu," aliniuliza, "wale watu walipotoka, yeye walimwacha na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba amelisema vizuri.